Kuwaenzi mabondia wa ridhaa wa Unguja na Pemba: daftari kwanza, ngao baadaye

Hafla ya kuwapa heshima mabondia wa zamani wa ridhaa, yaani wasiopigania malipo, walimu wao na wale waliousaidia mchezo inaweza kupangwa kwa wiki mbili. Ukumbi utapatikana, ngao zitachongwa, pilau itapikwa na mgeni rasmi atakuja. Lakini ikipangwa hivyo, watakaoitwa jukwaani ni wale ambao majina yao yanajulikana tayari, na mzee aliyefunga bandeji za vijana miaka 20 atakaa nyumbani asijue kwamba kulikuwa na jambo.

Zanzibar ina sababu yake ya pekee ya kutoharakisha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 masumbwi yalipigwa marufuku visiwani, na hayakurejeshwa rasmi mpaka 2023. Karibu miaka 60 hapakuwa na chama wala ligi, wala karatasi ya matokeo iliyowekwa mahali. Waliopigana kabla ya hapo sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Waliokuja nyuma yao walivuka bahari wakapigania klabu za Dar es Salaam na Tanga, au timu za majeshi, na kumbukumbu zao zimeandikwa huko kama za watu wa Bara. Kundi la tatu ni vijana walioanza baada ya 2023, ambao historia yao bado iko kwenye simu za walimu wao. Kwa hiyo kazi kubwa ni daftari la majina lililohakikiwa. Ipeni miezi minne kamili. Hafla yenyewe ni jioni moja tu.

Kamati

Watu saba wanatosha, na wasiwe idadi shufwa, ili kura zisigongane. Angalau wawili watoke Pemba na wakae Pemba. Mpemba anayeishi Mwanakwerekwe hajui tena nani yu hai Konde na nani amehamia Mkoani. Muwe na mtu mmoja aliyezoea karatasi za kale, mwalimu wa historia au mstaafu wa masjala. Mtafuteni pia muuguzi au daktari. Wanawake wasipungue wawili, kwa sababu nyumba nyingi mtakazoingia bondia mwenyewe ameshafariki na anayejua habari zake ni mjane au binti.

Promota wa ngumi za kulipwa msimuingize katika kamati, hata akitoa fedha. Fedha zake zipokelewe kwa barua na shukrani, lakini akishika orodha itageuka tangazo la pambano lake lijalo. Na mwanakamati ambaye ndugu yake au mwanafunzi wake amependekezwa atoke nje ya chumba jina hilo linapojadiliwa. Andikeni katika kumbukumbu za kikao kwamba alitoka na saa aliyotoka. Bila maandishi hayo, maneno ya upendeleo yatafika barazani kabla ya ngao.

Barua ya kujitambulisha ipelekwe mapema Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar na kwa sheha wa kila shehia mtakayopita. Sheha akijua mapema atawafungulia milango kumi kwa siku moja. Asipojua, mtasimamishwa kwenye mlango wa kwanza, na atakuwa na haki.

Nani anastahili

Gaweni mafungu matatu na msiyachanganye: mabondia, walimu, na wasaidizi wa mchezo. Fungu la tatu ndilo linaloharibika, kwa sababu watu hulitumia kuwashukuru wafadhili. Msaidizi wa mchezo ni mtunza saa, mwamuzi, jaji, mpima uzito, muuguzi wa ulingoni, fundi aliyeshona bukta na kujaza magunia ya kupigia, mwenye nyumba aliyetoa ua wake likawa jimu, mama aliyefua fulana na kuwapikia vijana uji baada ya mazoezi. Kipimo kiwe miaka ya kazi, isiyopungua mitano mfululizo, na watu watatu waliofaidika wanaoweza kutajwa kwa majina. Fedha iliyotolewa mara moja haifikii kipimo hicho.

Kwa mabondia, amueni tangu mwanzo kwamba mnahesabu ngumi za ridhaa peke yake. Wengi walianza ridhaa wakaishia za kulipwa, na familia zitaleta mikanda. Ipokeeni kwa adabu, lakini daftari liandike miaka ya ridhaa tu, na kama aliingia kulipwa, sentensi moja inatosha. Mkanda, kwa kawaida, ni dalili ya ngumi za kulipwa. Ridhaa hutoa medali, kombe au cheti. Rekodi za ngumi za kulipwa huonekana mtandaoni kirahisi, za ridhaa kwa nadra, kwa hiyo jina likikosekana kwenye intaneti msihukumu kwamba mtu hakupigana.

Kwa mwaka wa kwanza msizidi watu 12: mabondia watano, walimu watatu, wasaidizi watatu, na kijana mmoja aliyeanza baada ya 2023. Wengine wabaki kwenye daftari kwa mwaka unaofuata, na waambiwe hivyo. Mkiita watu 40 siku moja, kila mmoja atasomewa jina tu na kupewa karatasi, na mzee aliyesafiri kutoka Wete atarudi hajui alishukuriwa kwa lipi.

Fomu ya pendekezo

Iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye nafasi ya kuandika kwa kalamu. Yaliyo muhimu ni haya:

- Jina lake, la baba na la babu, pamoja na jina la utani la ulingoni. Bila jina la babu mtachanganya watu. Ali Juma wako wengi kila mtaa.
- Mtaa au kijiji alipoanzia mazoezi, na jina la mwalimu wake wa kwanza.
- Uzito aliopigania, kwa kilo.
- Klabu, jeshi au skuli aliyoiwakilisha, na miaka.
- Pambano moja analolikumbuka vizuri: na nani, wapi, raundi ngapi, nani alikuwa kona yake.
- Yu hai au amefariki. Kama amefariki, jina la mrithi atakayesimama badala yake.
- Idhini ya mhusika au familia, kwa saini au dole gumba.

Fomu zisambazwe pale watu wanapokaa. Mjini nendeni Jaws Corner wakati wa kahawa ya jioni, na Mwembe Kisonge pale Michenzani. Pemba, nendeni misikitini baada ya Alasiri na sokoni Chake Chake asubuhi. Tangazo la redio lina nguvu kuliko la mtandao kwa kundi hili la umri. Liombeni ZBC lisomwe kabla ya taarifa ya habari, siyo katikati ya muziki.

Kuwahoji wazee

Msiende na swali la "ulishinda mara ngapi?" Mzee atataja namba kubwa kwa heshima ya wageni, kisha atajifunga nayo. Anzeni na vitu: alifanyia wapi mazoezi, glovu zilitoka wapi, gunia lilijazwa nini, nani alimfunga bandeji. Majina ya watu hukaa kichwani muda mrefu kuliko miaka, na kila jina ni shahidi mwingine wa kumfuata.

Miaka ifungeni kwenye mambo makubwa ambayo kila mtu anayajua. Ilikuwa kabla au baada ya uhuru wa Desemba 1963? Kabla au baada ya Mzee Karume kuuawa, Aprili 1972? Vita vya Kagera vilikuwa vimeshaanza? Muhammad Ali alipokuja Dar es Salaam 1980, yeye alikuwa bado anapigana au ameshaacha? Kwa maswali manne kama haya mnaweza kumpata mtu ndani ya miaka mitatu, na hapo gazeti linatafutika.

Kipindi cha marufuku kinahitaji ulimi wa taratibu. Wapo waliofanya mazoezi kimyakimya uani, na wapo walioondoka visiwani kwa ajili ya ngumi. Msiandike neno lolote kuhusu hilo bila idhini ya mhusika kwa maandishi, na msimpambe mtu kuwa shujaa wa kuvunja amri ikiwa mwenyewe hajasema hivyo. "Alifanya mazoezi Ng'ambo, akahamia Tanga" inatosha.

Vikao viwe vya dakika 45 tu, asubuhi. Mabondia wazee wengi huchoka mapema, na baadhi wana usahaulifu au mikono inayotetemeka, mambo ambayo huweza kuwapata watu waliopigwa kichwani kwa miaka. Akirudia hadithi ile ile mara tatu, isikilizeni mara tatu. Msimwombe kamwe akunje ngumi na kujipanga mbele ya kamera bila yeye mwenyewe kutaka.

Kuhakiki

Hapa ndipo heshima inaposimama au kuanguka. Jina moja la uongo likisomwa jukwaani, kila mzee aliyekaa pale ataanza kutilia shaka ngao yake mwenyewe.

Gaweni ushahidi kwa madaraja matatu. La kwanza ni karatasi ya wakati ule: gazeti, orodha ya timu, cheti, barua ya kuitwa kambini. La pili ni picha ambayo yaliyomo yanalingana na mwaka unaodaiwa. La tatu ni watu wawili wasio ndugu wala wa klabu moja, wanaosimulia jambo lile lile wakihojiwa mbalimbali. Daraja la tatu linatosha kuthibitisha kwamba mtu alipigana. Halitoshi kuthibitisha medali. Medali iandikwe kwa karatasi tu, na isipopatikana karatasi andikeni "alishiriki". Familia nyingine zitanuna. Waelezeni mapema, na waachieni nafasi ya kuleta karatasi mwaka mzima.

Magazeti ya zamani yatafuteni Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Samachar, Mwongozi na Al-Falaq ni baadhi ya yaliyochapwa visiwani kabla ya 1964. Ombeni kwa mwaka na mwezi, siyo kwa jina la bondia, maana hakuna faharasa ya majina ya wanamichezo. Habari ya ngumi inaweza kuwa mistari mitatu tu, kwa hiyo mtu mmoja asome kurasa zote na mwingine aandike. Peni za wino hazifai karibu na magazeti hayo. Chukueni penseli. Kwa waliopigania timu ya taifa, ulizeni shirikisho la ngumi za ridhaa, BFT, na vikosi walivyotumikia Bara.

Picha husema mengi ukijua pa kutazama. Fulana yenye neno "Tanzania" haiwezi kuwa ya kabla ya Oktoba 1964, jina hilo lilipoanza kutumika. Kofia ya kujikinga kichwa iliingia Olimpiki 1984, na mabondia wanaume wakaivua tena 2013. Bondia mkubwa mwenye kofia hiyo katika pambano la kimataifa linalodaiwa kuwa la 1970 anahitaji maelezo, ingawa mazoezini kofia zilivaliwa zamani sana. Bondia kifua wazi kwenye pambano ni dalili ya ngumi za kulipwa, kwani ridhaa huvaa fulana.

Idadi ya raundi nayo ni ushahidi. Ridhaa ya miaka ya 1960 hadi ya 1980 ilikuwa raundi tatu za dakika tatu. Olimpiki za 2000 hadi 2008 zilikuwa raundi nne za dakika mbili, kisha zikarudi tatu za tatu. Mtu akisema alipigana ridhaa raundi sita miaka ya 1970, yawezekana anachanganya na pambano la kulipwa. Mrudisheni hapo polepole.

Uzito pia. Zamani, aliyezidi kilo 81 alikuwa ndiye uzito wa juu. Kwenye Olimpiki, kilo 91 ilianza kugawa kundi hilo mara mbili mwaka 1984. Mzee aliyepigana na kilo 84 mwaka 1970 na kujiita "uzito wa juu" anasema kweli, hata kama vijana wa leo watashangaa. Ndiyo maana fomu inauliza kilo.

Mitego miwili inawaangusha wengi. Wa kwanza ni Montreal 1976. Tanzania iligomea Olimpiki hiyo, kwa hiyo hakuna bondia wa Tanzania aliyepanda ulingo pale. Mtu aweza kuwa aliteuliwa kweli na akakaa kambini. Andikeni "aliteuliwa", na hiyo ni heshima kamili. Wa pili ni medali ya shaba. Katika mashindano makubwa ya ridhaa hutolewa shaba mbili kwa kila uzito, kwa wote wawili walioshindwa nusu fainali. Wazee wawili wakidai shaba ya uzito mmoja mwaka mmoja, msiwagombanishe. Wote wanaweza kuwa wakweli.

Na mtu akija na "bingwa wa Afrika Mashariki", ulizeni mji, mwaka, kilo na mpinzani wa fainali. Akiweza matatu kati ya manne, kuna pa kuanzia.

Kuandika wasifu wa kusomwa

Maneno 120 hadi 150, yanayosomeka kwa dakika moja na kidogo. Wasifu mbaya ni "bondia hodari aliyeipeperusha vyema bendera ya nchi yetu". Maneno hayo yanamfaa kila mtu, kwa hiyo hayamwambii mtu chochote. Tazameni jinsi rekodi thabiti inavyokaa: Titus Simba, uzito wa kati, medali ya fedha, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, 1970. Au za karibuni: Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe, shaba, Birmingham, 2022. Mtu, uzito, medali, mahali, mwaka. Msaidizi wa mchezo naye apewe uzito huo huo wa maneno: alishika saa mapambano ya wapi, kuanzia mwaka gani mpaka gani, saa yenyewe ilikuwa ya aina gani, vijana gani walipita mikononi mwake.

Msomeeni mhusika nyumbani kwake siku saba kabla. Makosa ya majina hujitokeza hapo, na kama kuna jambo asilotaka lisomwe mbele ya wajukuu, atasema.

Picha za familia msizichukue. Zipigeni picha pale pale kwa simu, kivulini karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, mkiwa mmeilaza picha juu ya kitambaa cheusi. Majina ya waliomo yaandikwe kwenye daftari kwa kuhesabu kutoka kushoto. Nyuma ya picha msitie kalamu ya wino, inapenya.

Ngao na vyeti

Hewa ya bahari haina huruma. Shaba nyembamba iliyobandikwa kwenye ubao hubadilika rangi, na herufi za plastiki hubanduka gundi ikipata joto. Mpelekeeni fundi wa kuchonga milango ubao mgumu uliokauka vizuri, wenye unene wa sentimita mbili, achonge jina ndani ya ubao wenyewe. Ubao mbichi utapinda, na ufa utapita katikati ya jina. Mwandikieni majina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mtu wa familia asaini kwamba ni sahihi, ndipo achonge. Agizeni wiki tano kabla.

Vyeti viwekwe kwenye fremu yenye kioo, na karatasi isigusane na kioo, ama sivyo unyevu utaigandisha. Bahasha ya fedha, kama ipo, itolewe nyumbani faraghani. Kilicho bora kuliko bahasha ni kumpangia mzee siku ya kupimwa macho, masikio na shinikizo la damu, pamoja na usafiri wa kumpeleka na kumrudisha. Hapo ndipo yule muuguzi wa kamati anapofanya kazi yake.

Siku yenyewe

Epukeni Ramadhani, wiki ya sherehe za Mapinduzi kila Januari, na kwa Pemba msimu wa karafuu, maana kila mkono uko shambani. Jioni baada ya Alasiri inafaa kuliko usiku kwa watu wa umri huu. Anzeni saa 10 na robo, mmalize saa 12 kamili ili watu wawahi Magharibi. Hizo ni dakika 105. Kisomo cha Kurani, dua ya marehemu na makaribisho, 15. Watu 12 kwa dakika sita kila mmoja, 72. Mgeni rasmi, 10. Zinabaki nane za dharura. Hotuba ya mgeni rasmi ije mwisho. Akianza yeye, dakika zake 10 zitakuwa 40 na wazee ndio watakaokatwa.

Ulingo ukiwepo ukumbini, msiwapandishe wazee. Kamba ziko juu, ngazi hazina mkono wa kushika, na mtu wa miaka 82 akiteleza mbele ya watu mmemfedhehesha. Wao wakae viti vya mbele, na anayetoa ngao ndiye ashuke kuwafuata. Vijana wa ridhaa wa leo wasimame nyuma ya kila kiti, kila mmoja na mzee wake. Maonyesho ya raundi mbili yanaweza kufanyika, lakini baada ya ngao, na daktari awe pale.

Wa Pemba wanaokuja Unguja wafike siku moja kabla. Bahari ikichafuka, boti haitamsubiri mtu. Mwaka mwingine hafla ihamie Gombani, Waunguja nao wavuke.

Marehemu asomwe kwa mpangilio ule ule wa wengine, asitengwe mwishoni. Mrithi aliyetajwa kwenye fomu ndiye apokee. Watoto wakizidi mmoja na hawajaafikiana, ngao ibaki na kamati mpaka waandike barua ya pamoja.

Baada ya hapo

Ndani ya siku 30 chapeni daftari nakala tano: moja Nyaraka za Taifa Kilimani, moja maktaba kuu Maisara, moja maktaba ya Pemba, moja Baraza la Michezo, moja ya kamati. Kila ukurasa wa kulia uachwe mtupu kwa masahihisho. Atakayeleta sahihisho aandikwe jina na tarehe, na maneno ya mwanzo yasifutwe. Yakatwe kwa mstari mmoja, yaendelee kusomeka chini yake.